Gari Lililomkataa Bibi

Harufu ya waya uliopata moto hainitishi kama inavyowatisha wenzangu. Juma lililopita, ofisini kwetu Dar es Salaam, feni ya mezani ilianza kutoa harufu ile ya mpira unaoyeyuka polepole, yenye uchungu mwishoni kama kwato za ng'ombe zinazochomwa, na kila mtu akaruka kutoka kitini kwenda kuizima. Mimi nilibaki nimekaa, macho nimefumba, natabasamu. Wenzangu walishangaa, maana wananijua. Mimi ni mtu wa kufunga mlango, kurudi kuhakikisha kwamba nimeufunga, kisha kurudi tena kwa kuogopa kwamba wakati wa kuhakikisha niliufungua. Tangu nilipomaliza masomo ya Chuo Kikuu na kupewa meza hii, sijapeleka barua hata moja kwa mkubwa wangu bila kuisoma mpaka maneno yake yakapoteza maana. Lakini harufu ile kwangu ni harufu ya blanketi la Bibi lililokolea moshi, ya magome ya miwati yaliyolowa, na ya ukungu wa Njombe ukiingia garini kwa mlango usiofunga sawasawa. Ni harufu ya masika ya mwaka mmoja wa zamani, wakati wa Mwingereza, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi. Masika hayo gari la baba yangu lilikuwa linazimika njiani, na watu wakasema linamkataa Bibi.

Baba alikuwa fundi mwashi. Alimjengea nyumba mkulima mmoja Mzungu wa miwati, ile miti ambayo magome yake huuzwa kwa kutengenezea ngozi, nyumba ya mawe yenye dohani mbili, na yule bwana alipoamua kurudi kwao akamwachia Baba gari lake, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Lilikuwa kuukuu, lenye kiti kimoja kirefu mbele na sanduku la mbao nyuma. Rangi yake ilikuwa imechujuka ikawa kama ya maji ya dimbwi. Kioo cha upande wa Bibi kilishushwa kwa kusukumwa na viganja, na mlango wake ulifungwa kwa ukanda wa ngozi. Kitu pekee kilichokuwa kizima kabisa katika gari lile ni honi. Ililia kwa sauti nene ya heshima, kama mzee anayekohoa kabla ya kuingia uani kwa watu. Baba alilipenda gari lake. Lilibeba mbao, mahindi, wagonjwa, maharusi na majeneza, na katika vijiji vya upande wetu halikuwapo jingine la Mwafrika. Mwenye kitu kama hicho hawi tena wa nyumbani kwake peke yake, ni wa wote.

Ugonjwa wake ulianza mvua zilipoanza. Lilikuwa likienda vizuri, injini ikinguruma, kisha ghafla kimya, kama mtu aliyesahau neno katikati ya sentensi. Baba alishuka, akafungua boneti, akagusa hiki na kile, akafuta plagi, akapuliza bomba la petroli. Tulikaa pembeni mwa barabara tukitazama ukungu. Baada ya muda, bila Baba kufanya jambo lolote la maana, gari liliwaka kwa jaribio la kwanza tu, likaondoka kama vile halikufanya kosa. Lingekufa kabisa, Baba angejua la kufanya, maana kilichovunjika huonekana. Lakini kinachokufa na kufufuka utakikamatia wapi?

Akalipeleka Makambako kwa Fundi Ramadhani. Huyu alikuwa mtu wa Tabora, alijifunza magari jeshini wakati wa vita, na baada ya kuvuliwa sare akashukia Makambako, kwenye njia panda ya malori, akaweka karakana ya mabati ambayo upepo wa pale uliitikisa mchana kutwa. Nilikuwapo, maana nilikuwa nikimsindikiza Bibi kwa dada yake kule Kitandililo, na njiani gari lilikuwa limezimika kama kawaida yake. Fundi Ramadhani alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Akaigusisha hapa na pale chini ya boneti, na kila alipogusa, balbu iliwaka. Akatikisa nyaya moja moja. Akabadilisha koili, akasugua plagi, akafunga upya waya wa betri ulioshikizwa kwenye chasi. Kisha akalipeleka gari peke yake kwenye barabara kuu, akaenda nalo mbali kule uwanda usio na nyumba, akarudi.

"Gari lako zima, ndugu yangu," alisema.

"Linazimika," Baba akasema.

"Kwangu halizimiki."

"Kwangu linazimika."

Fundi akacheka, akajipangusa mikono kwa tambara. "Hitilafu ya namna hii ni kama mwizi wa kuku. Ukikagua banda mchana, humkuti. Hebu niambie kila unachofanya, tangu unawasha mpaka linakufa. Usiache kitu." Na Baba, ambaye ni mkweli kuliko mtu yeyote ninayemjua, akaeleza yote. Alitaja gia, vilima, matope, mvua, mzigo, hata namna anavyokaa kitini. Fundi alisikiliza huku akitikisa kichwa. Hakikuwamo cha kuua injini. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Baba hakuficha. Alisema yote aliyojua kuwa anayafanya.

Hapo ndipo inanibidi nimweleze Bibi, mama yake Baba, maana habari hii ni yake. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Utando ulikuja polepole na ulikwisha kukomaa kabla sijazaliwa, hivyo hakuwahi kuniona. Alinijua kwa kiganja. Kila asubuhi alinipapasa paji la uso, pua na kidevu, kama anayesoma, na mimi ndiye niliyemwongoza kokote alikokwenda. Watu waliniita macho ya Bibi. Naye alikwenda kwingi, kanisani, misibani, kwa wazazi wapya, kwa dada yake, kwa sababu aliamini mtu akishindwa kuona watu, basi ni lazima watu wamwone yeye. Garini alikaa dirishani na mimi nilikaa kati yake na Baba. Akisikia nyayo au kengele ya baiskeli aliuliza, "Nani huyo? Mmemsalimu?" Nami nilimtajia jina, Baba akasalimu, Bibi akaridhika, tukaendelea. Mara nyingine alinusa hewa akasema kuna kwato zinachomwa mahali. Baba alimjibu kwamba ni breki, na mimi nilidhani ni blanketi lake.

Masika hayo mganga wa zahanati yetu alileta habari kwamba daktari wa macho atafika hospitali ya Ilembula, atakaa siku chache tu akipasua watu wenye mtoto wa jicho, kisha ataendelea na safari yake, na haijulikani atarudi lini. Jioni, tukiwa tunapukuchua mahindi, Bibi aliniambia kwa Kibena, lugha aliyoijua vizuri kuliko zote, kwamba hataki kuona milima wala shamba, hayo anayakumbuka. Anataka kuona sura ya mtu anayemshika mkono.

Ilembula ni mbali. Unapita Makambako, kisha unaendelea. Kwa mguu Bibi asingeweza, na malori ya magome hayakuchukua wazee. Tegemeo lilikuwa gari la Baba, na gari la Baba lilikuwa limeanza kusemwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ilionekana wazi kwa kila mtu mwenye macho kwamba Bibi akiwamo, gari huzimika. Alipokwenda msibani lilizimika. Alipokwenda kanisani lilizimika karibu kabisa na kanisa, mbele ya kwaya nzima. Baba akienda peke yake alfajiri kuchukua mchanga mtoni, halizimiki. Kwanza walisema kwa mzaha. Kisha mzaha ukapoteza kicheko.

Ilikuwa asubuhi moja ya kwenda Njombe mjini. Sanduku la nyuma lilikuwa limejaa akina mama na vikapu vyao, wanapiga soga. Nikatoka na Bibi, nimemshika mkono, namwelekeza mlangoni. Soga ikakatika. Mama Zakaria, jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo ambao si mbaya, akasema kwa sauti, "Haya, Bibi akipanda sisi tunashuka. Maharage yangu ni ya kuuza, si ya kuoteshea njiani." Wakacheka, lakini wakashuka kweli. Bibi alikaa kwenye kiti chake, akaweka fimbo yake kati ya magoti. "Wameshuka wangapi?" akaniuliza. Nikamwambia wawili. Akasikiliza jinsi gari lilivyoinuka juu ya springi zake, akasema, "Limekuwa jepesi mno kwa wawili." Kisha akamwomba Baba amsaidie kushuka. Hakulia. Alisema tu kwamba gari halimtaki, na huenda Mungu naye hataki aone, na mtu mzima hapaswi kung'ang'ania mahali asipotakiwa. Tangu siku ile hakupanda tena, na alipoulizwa habari za Ilembula aligeuza mazungumzo, akauliza kama kuku wameingizwa bandani.

Mimi nilikuwa na jambo langu, ambalo sikumwambia mtu. Hata wakati huo nilikuwa mtoto wa kufikiri jambo moja mpaka linaota mizizi. Watu walisema kila Bibi akiwamo gari huzimika. Lakini kila Bibi alipokuwamo, nani mwingine alikuwamo? Mimi. Hakuna aliyenitaja, hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba bibi yangu anabeba mkosi wangu na kwa upofu wake hawezi hata kuona aliyeuleta. Niliwaza nikichota maji, niliwaza nikiandika ubaoni mbele ya mwalimu. Mwishowe nikamwomba Baba anichukue mnadani Njombe bila Bibi, nikisema nataka kuona mji. Barabara ilijaa watu siku hiyo, wazee na baiskeli zao, wanawake na mizigo kichwani, wote wanatufahamu. Tulikwenda vizuri, nikaanza kupumua. Tukiwa tunaukaribia mji, injini ikanyamaza. Baba akashuka kufungua boneti, nami nikabaki kitini nimeganda. Ushahidi ulikuwa kamili. Ni mimi.

Nilikaa na siri hiyo mpaka ikanishinda. Jioni moja jikoni, moshi ukitufunika wote wawili, nilimwambia Bibi nikilia kwamba asikatae kwenda Ilembula, apande yeye, mimi nitabaki, maana gari linanikataa mimi na nimelipima. Bibi aligeuza uso kuelekea motoni. Nikadhani ananichukia. Kumbe alikuwa anajizuia. Akaangua kicheko mpaka akapaliwa, akanivuta, akanipapasa uso uliolowa. "Mjukuu wangu," alisema, "tangu lini mwenye mkosi akaenda kujipima mnadani? Basi kama ni wewe au ni mimi, twende sote wawili. Likizimika, tutalisukuma. Ila peke yangu siendi, na wewe peke yako hubaki." Hivyo ndivyo Bibi alivyokubali. Mpaka leo, nikijilaumu kwa jambo ambalo hakuna aliyenilaumu, nasikia kicheko kile cha moshi.

Baba naye hakukaa bure. Alituma ujumbe kwa dereva wa lori la magome, na siku ya kuamkia safari Fundi Ramadhani akapanda kuja kwetu na mkoba wake wa spana. Hakupenda baridi. Alilala amejifunika magunia juu ya mablanketi, na asubuhi alikunywa uji akiwa amejikunyata kama kifaranga. Alisema hatagusa gari kabla halijaugua. Atakaa nyuma, alisikilize kutoka mgongoni kama mganga anavyosikiliza kifua cha mgonjwa, na sisi tuende kama tunavyokwenda siku zote, tusibadilishe kitu. Kuuliza si ujinga, alisema, lakini kuna majibu ambayo mtu hawezi kukupa kwa mdomo.

Tukaondoka. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni na migongo ya vilima ilitokeza juu yake mmoja baada ya mwingine. Habari ya safari ya Bibi ilikuwa imeenea, na watu walisimama pembeni mwa barabara kumuaga. Mzee wa kanisa alikuwapo na mwavuli wake, wauza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, walikuwapo na vibuyu vyao, hata walimu wa shule yangu. Bibi alikuwa ameketi wima, amevaa kitenge chake cha Krismasi. "Nani huyo?" aliuliza, nami nikataja, Baba akasalimu. "Na huyo?" Nikataja, akasalimu. Tulipita Njombe, tukaanza kuteremka kuelekea upande wa Makambako, na vijijini kote watu walikuwa wanatoka mashambani. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, naomba. Bibi akanusa. "Kwato," alisema. Hazikupita dakika nyingi, injini ikakoroma, ikafa.

Nilitazama magoti yangu. Nyuma nilisikia Fundi akiruka chini. Hakwenda kwenye boneti. Alikuja dirishani kwa Baba, uso umejaa mshangao.

"Ndugu yangu, njia nzima ulikuwa unapigia nini honi? Sikuona ng'ombe, sikuona mbuzi."

"Honi?" Baba akasema. "Sikupiga honi."

"Hukupiga honi! Masikio yangu yanalia mpaka sasa."

"Aa," Baba akasema. "Mimi sikuwa napiga honi. Nilikuwa nasalimu."

Fundi Ramadhani alimtazama. Akanitazama mimi, akamtazama Bibi. "Nilikuomba uniambie kila unachofanya," alisema taratibu. Baba akajibu kwa unyoofu wake wote, "Kusalimu si kufanya, Fundi. Kusalimu ni kupita tu." Na ilikuwa kweli. Kwetu kumpita mtu bila kumsalimu ndiko kungekuwa kufanya jambo, tena baya. Honi ndefu kwa wazee, mbili fupi kwa rika lake, tatu kwa mchungaji. Mkono ulikwenda wenyewe. Hata mimi, niliyekaa mguso mmoja kutoka kwenye kitufe cha honi, niliyelala nikihesabu sababu zote za dunia, sikuwahi kuihesabu hiyo. Mazoea yana taabu. Kilicho karibu sana na jicho halikioni.

"Bonyeza sasa," Fundi akasema. Baba akabonyeza. Kimya. Honi nayo ilikuwa imekufa pamoja na injini, na katika kuzimika kwetu kote hatukuwahi kujua, kwa sababu gari likisimama watu husalimiana kwa mdomo. Fundi akapiga kofi boneti kwa furaha. Akajilaza chini ya usukani, akapeleka mkono nyuma ya dashibodi, akautoa haraka akipuliza vidole. Mwizi wa kuku alikuwa amekamatwa. Alituonyesha kwa kioo chake kidogo nati moja, mahali ambapo waya unaotoka kwenye betri hugawanyika, mmoja kwenda kwenye koili ya kuwashia injini na mwingine kwenye honi. Nati ilikuwa imelegea, ina kutu ya kijani, na waya chini yake umegeuka kahawia. Honi hula umeme mwingi kwa mkupuo. Kila salamu iliipasha moto nati ile, na salamu zikifuatana, moto uliilegeza mpaka ikaachia kabisa, na kila kitu kikazimika. Ikipoa, inashika tena. Ndiyo maana halikuzimika alfajiri mtoni, wala kule uwanda wa Makambako ambako Fundi, mgeni, hakuwa na wa kumsalimu. Ndiyo maana lilizimika misibani na mnadani na kanisani. Na ndiyo maana lilizimika zaidi kwa Bibi, kwa sababu Bibi hakuacha mtu apite bila salamu. Nilipomfasiria yote hayo, alisikiliza mpaka mwisho, akasema kitu kimoja tu. "Niliwaambia kuna kwato."

Lakini meno ya nati yalikuwa yameliwa, haikubali kukaza, na nati ya saizi ile ilikuwa Makambako, kwenye kopo lake Fundi. Alikwangua kutu, akabana kwa kipande cha bati, akafunga kwa waya. "Itatufikisha," alisema, "ila honi usiiguse. Ukiigusa, hiki kibati kitaruka, na hapo sina la kufanya. Daktari hatatusubiri." Baba akawasha, gari likaitika. Tukaenda. Na mbele yetu, pale kwenye kona, amesimama mzee mmoja tuliyemfahamu, rafiki wa marehemu babu, amevua kofia tayari.

Sijawahi kumwona Baba akiteseka vile. Mkono wake uliondoka kwenye usukani ukarudi, ukaondoka ukarudi. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Kumpita mzee yule kimya, na Bibi yumo ndani, kungetembea vijiji vyote kabla hatujafika tuendako. Bibi akauliza, "Nani huyo?" Nikamtajia. Akasukuma kioo kwa viganja mpaka kikashuka, akatoa kichwa na bega lote nje, kitenge kikipepea. "Kamwene!" akapaza sauti, salamu yetu ya Kibena, kwa kifua ambacho sikujua anacho. "Kamwene!" mzee akaitika huku tukimpita, kofia juu. Baba akacheka kwa sauti iliyokaribia kilio.

Kuanzia pale mpaka Makambako Bibi ndiye aliyekuwa honi, na mimi nilikuwa macho ya honi. "Kushoto, Bibi, wanawake na kuni!" "Kamwene!" "Kulia, mtu na baiskeli!" Akajinyoosha mbele yetu kuelekea dirisha la Baba, "Kamwene!" Mara moja niliharakisha mno, nikasema kushoto, akasalimu ng'ombe. Fundi nyuma alicheka mpaka tukahisi gari linatikisika, kisha naye akaanza kusaidia kutoka kule sandukuni, "Kamwene! Kamwene!" kwa lafudhi ya Tabora, na watoto wa barabarani wakatukimbilia wakiitika. Tulipoingia Makambako upepo ulichukua sauti ya Bibi, lakini hakukoma, hata kwa watu wa njia panda wasiomjua, waliogeuka wakashangaa nani anayewasalimu kwa heshima kubwa namna ile.

Fundi alifunga nati mpya na waya mpya. Kisha akabonyeza honi akaishikilia, muda mrefu, mpaka mwenye duka wa jirani akatoka kuuliza kama kuna harusi. Injini haikutikisika. Tukafika Ilembula mchana, daktari yupo. Bibi alipasuliwa jicho moja, akalazwa chali amefungwa macho, amekatazwa hata kugeuza kichwa, na mimi nikakaa chini karibu na kitanda nikiwaza kila baya linaloweza kutokea kwa jicho. Walipomfungua na kumvisha miwani minene, aliniita. Nikasogea. Alinyoosha kiganja kama kawaida yake, akakisimamisha hewani kabla hakijanigusa, akakirudisha kifuani. Akanitazama kwa muda mrefu sana. "Kumbe," alisema, "una wasiwasi mpaka usoni."

Alituangalia hivyo wote. Alimwambia Baba kwamba amezeeka. Gari alilizunguka mara mbili akasema ni dogo mno kwa kelele zake. Tuliporudi nyumbani, Mama Zakaria alikuja na kikapu cha maharage, ameinamisha kichwa, akasimama mlangoni. Bibi akamkagua kupitia miwani yake kuanzia juu hadi chini. "Ndiyo wewe? Kwa ulimi ule nilidhani u mrefu zaidi." Wakacheka wote wawili, na Jumapili iliyofuata walikaa pamoja mbele, mimi nikatupwa nyuma.

Bibi alifariki nikiwa Chuo Kikuu, akiwa na jicho lake moja na miwani yake. Gari nalo limekwisha, limebaki sanduku ambalo Mama huatamishia kuku. Ninayo meza, na cheti, na elimu ambayo Bibi hakuweza kuidhania, na bado hitilafu zangu huja na kuondoka, nami huzitafuta mahali pakubwa, katika akili yangu, katika hatima yangu, katika macho ya mkubwa wangu. Siku nikiwa na busara ndipo hulikumbuka swali la Fundi, na jibu la Baba ambalo lilikuwa la kweli na bado halikusaidia. Natafuta ninachokifanya bila kukihesabu. Mara nyingi nakipata, na mara nyingi ni kidogo kama nati.

Krismasi hii nilikwenda nyumbani kwa basi. Dereva alipiga honi safari nzima, lakini ilikuwa honi ya kufukuza watu barabarani, na abiria tulikaa kimya kila mmoja na mzigo wake. Tulipoiacha Makambako na baridi ikaanza kuingia, nilimwona mzee mmoja anasukuma baiskeli yake kupanda kilima. Niliwaza watu watanionaje, msomi mzima. Niliwaza kama nitamshtua, kama atasikia, kama ananifahamu, kama haifai. Nilipokwisha kuwaza yote hayo tulikuwa tumekwisha kumpita. Nikasukuma kioo kwa viganja, nikatoa kichwa nje katika upepo, nikapaza sauti nyuma yetu, "Kamwene!" Mzee akasimama, akavua kofia yake.